Kanuni za Bingo ya Mavi ya Ng'ombe

Wananchi wa jimbo la Wisconsin, Marekani, wanaarifiwa kwamba bahati, ambayo tangu enzi na enzi ilijiendea ovyo, sasa iko chini ya usimamizi wa jimbo. Mimi ni mkaguzi wa Tume ya Bahati. Jumamosi ile nilifuatana na Mkurugenzi wetu, Bwana Dietmar Pflugh, kusimamia bingo ya ng'ombe kijijini Vangsby.

Kila kiangazi uwanja huchorwa miraba, watu huinunua, ng'ombe hufunguliwa, na mraba atakaounyea ndio mshindi. Safari hii mapato yalikuwa ya kununulia gari la zimamoto, maana lile la zamani liliungua.

Mkurugenzi alihofia hila. Aliamuru ng'ombe Dolores asilishwe tangu Ijumaa, asije akala rushwa. Aliamuru pia, kwa busara, kwamba asipokunya ifikapo saa kumi alasiri, mapato yote yachukuliwe na jimbo kama kodi ya kuchelewesha bahati.

Saa tisa na nusu Dolores alikuwa bado amesimama, hana habari na mtu. Bi Arlys Vig, mkuu wa zimamoto na mwandaaji wa bingo, aliomba apewe japo nyasi kidogo. Akanyimwa.

"Huyu hana kitu tumboni, mheshimiwa," alisema mzee Verlyn, mwenye ng'ombe. "Atakunya nini, kanuni zako?"

"Ajitahidi," alijibu Mkurugenzi.

Nilimhurumia sana Bi Arlys, lakini nikajikaza kiofisi.

Zilipobaki dakika tano, Mkurugenzi akaingia uwanjani na kipaza sauti kutangaza utaifishaji. Kipaza sauti kikapiga ukelele. Dolores akaruka, akainua mkia, akamwaga akiba yote ya tangu Alhamisi kwenye mraba wa themanini na nane.

Watu wakashangilia. Mkurugenzi akatangaza kwamba mavi hayo ni batili, kwa kuwa ng'ombe alishtuliwa.

Bi Arlys akafungua kitabu chetu cha kanuni, akasoma taratibu: "Atakayemshtua ng'ombe atawalipa waandaaji mara mbili ya mapato, kutoka mfukoni mwake." Akanigeukia. "Haya, mkaguzi. Nani kamshtua?"

Nikatoa fomu, nikaandika.

Mkurugenzi akaniuliza kwa ukali kama najua yeye ni nani. Nikamwambia najua vizuri, ndiyo maana nimejaza na cheo.