Neno la Kiingereza la Sabuni ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Cheo kinanukia! Hoteli inataka sabuni za Shangazi, vipande mia nne, ila lebo ziwe za Kiingereza. Atakayeandika lebo ndiye msimamizi wa karakana. Mpinzani wangu ni binti yake Shangazi, niliyembandika jina la Bi Sahihisho. Nimejitolea kabla hajafungua mdomo.

Jumanne, 5 Machi
Harufu kwa Kiingereza ni "smell". Neno la watoto wa shule! Nimeazima kitabu cha visawe. Mstari mmoja una maneno manane, yote ya harufu, yamekaa bega kwa bega. Nimechagua "stench". Linajaza mdomo. Bi Sahihisho kaniuliza kama nina hakika, maana maneno ya mstari mmoja hayafanyi kazi moja. Wivu mtupu. Nimemwambia aangalie sufuria yake.

Ijumaa, 8 Machi
Lebo zote zimebandikwa. Kwa gundi kali. Najisifu? Najisifu.

Jumamosi, 9 Machi
Meneja wa hoteli kasoma, kanusa, kasoma tena, kisha kacheka mpaka kavua miwani. Katueleza taratibu kwamba hilo ni neno la mtaro ulioziba na panya aliyefia darini. Lebo zetu zinaahidi uvundo wa waridi. Nikajitetea kwamba angalau ni wa waridi. Heri ningenyamaza. Katupa mpaka Jumatatu, la sivyo atanunua kwingine. Shangazi kaniambia kwa sauti ya chini kwamba hoteli hii ameisubiri miaka mitatu. Bora angenipigia kelele.

Jumapili, 10 Machi
Kubandua lebo kwa maji ya moto: wazo langu. Nani kasahau kwamba sabuni huyeyuka? Mimi, mkata sabuni! Vipande vitano vimeishia povu kabla Bi Sahihisho hajaninyang'anya beseni. Kakwangua vilivyobaki kwa kisu mpaka jioni, vidole malengelenge matupu. Nikaona haya kwelikweli. Nikamwomba radhi.

Jumatatu, 11 Machi
Hoteli imechukua sabuni, uchi vilevile, bila lebo. Shangazi kalia kwa furaha. Bi Sahihisho ndiye msimamizi. Kanituma kwa mchapaji na lebo za mafuta ya mwili, alizoandika mwenyewe. Nimepokea kwa unyenyekevu mkubwa. Njiani nimefungua kitabu na kosa langu nimeliona: neno lilikuwa refu mno. Ubavuni mwake, mstari uleule, kuna "reek". Herufi nne tu! Nimelichomeka kwenye lebo za Bi Sahihisho, na mchapaji ameshatoa mia sita.