Viganja Vyangu na Vidonge vya Mama Neema

Jamani, leo nimepata aibu ambayo hata sabuni haiitoi.

Mke wangu, Mama Neema, ana vidonge vya karoti vya kung'arisha ngozi. Kaviagiza mtandaoni. Mimi nami mdadisi: hivi kitu unachokimeza kinafikaje usoni? Nikaanza kuonja kimyakimya. (Kuonja wapi! Viwili asubuhi, viwili jioni. Mwanaume mzima, mchenjuaji wa dhahabu pale Kharumwa!)

Uso ukabaki vilevile. Viganja vikawa manjano! Kazini wakanitania, "Dhahabu imekuingia mwilini, tukuchenjue tuitoe?" Nikacheka nao.

Leo mama mkwe kaja kutoka Mhunze. Chakula kikaletwa, nikakinga mikono ninawishwe. Akaviona viganja, akaruka.

"Mayu wane, mama yangu! Ini hilo! Baba Neema anatuachia yatima!"

"Mama, mimi mzima."

"Mzima gani wa rangi ya embe? Marehemu mume wangu alianza hivihivi!"

Akaangua kilio. Roho iliniuma kweli. Ningesema palepale yaishe, lakini nikaona haya. (Bora nionekane mgonjwa kuliko mrembo.)

Tukakokotana hadi zahanati, mama mkwe, mke wangu na majirani wawili, mmoja ameshaanza kuniombea kwa sauti. Tabibu akanifunua macho.

"Ini likiugua, na macho huwa manjano. Haya meupe pe. Kuna vidonge unatumia?"

"Hapana."

Mama mkwe akalia upya, kanishika mkono haachii. Nikashindwa.

"Vya mke wangu," nikanong'ona.

"Sema kwa sauti, sikusikii."

"VYA UREMBO!"

Kisha Mama Neema akafoka, "Kumbe ni wewe! Na mimi nimemnunia mdogo wangu wiki nzima nikidhani ndiye anayeviiba!"

Watu kwenye mabenchi walicheka mpaka mmoja akashika kidonda chake. Tabibu akasema niviache tu, rangi itapotea taratibu.

Njia nzima mama mkwe alitangulia mbele. Nikajua heshima yangu kwake imezikwa. Tulipofika mlangoni akanivuta pembeni, akakigeuza kiganja changu, akakitazama sana.

"Baba Neema, na usoni vinafika?"

"Havifiki, mama."

"Labda ulimeza vichache."

Msinicheke, tafadhali. Vidonge nimevificha juu ya kabati, na hapa nilipo namsikia mama mkwe anasogeza kiti.