Bakuli Mlangoni kwa Mwanangu

Jumapili, 3 Agosti

Shajara, niwie radhi. Sijakufungua tangu palizi ya mahindi. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikijipikia, na mwanamume anayejipikia hana mkono wa kuandikia.

Mambo yako hivi. Mwezi wa Mei, Phanice, mke wa mwanangu Mose, alijifungua mtoto wa kike. Mke wangu Bathsheba akahamia kwao kumkanda na kumkorogea uji. Sawa. Ndiyo desturi. Lakini desturi ina mwisho, na sasa ni Agosti! Mtoto amenona. Phanice amekwisha kurudi kuchuma chai. Bathsheba bado yuko huko, mteremkoni, upande wa juu wa migomba yangu. Jioni namsikia akicheka.

Kumfuata ndani siwezi. Mzee wa Kigusii haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima baina ya mtu na mkaza mwana wake, na mimi niliyefundisha adabu hadi nikastaafu sitakuwa wa kwanza kuivunja. Kumwomba arudi? Mume haombi. Mume hupanga.

Leo nimepata silaha. Sokoni Nyaramba, kwa Aloo muuza mitumba, nimenunua kitabu kisicho na jalada kuhusu mafunzo ya maadili ya Mashariki: Uchina, Uhindi na kwingineko. Aloo alisema kilitoka kwenye bunda la makoti, na kwamba mimi ndiye mteja wa kwanza kukishika bila kucheka. Nimesoma habari za Konfusio hadi ugali ukaungua. Mtu wa maana sana. Anasema mwana amtii babaye. Huyu angezaliwa hapa kwetu Nyamira tungemfanya mzee wa kanisa.

Jumatatu, 4 Agosti

Nilimwita Mose zizini kabla hajaenda zamu yake kwenye kiwanda cha chai cha Itumbe. Nikamsomea Konfusio kwa sauti. Nikaeleza kwamba mwana mwema humrudishia babaye kilicho chake bila kusukumwa. Mose aliinamisha kichwa. Nilidhani ni toba. Kumbe alikuwa akisoma ukurasa wa pili!

Akaniomba ruhusa anionyeshe mstari. Mzee huyo huyo anasema usimtendee mwenzako jambo ambalo wewe mwenyewe hulitaki. Mose akauliza, kwa upole wote, kama mimi ningependa kupika kila siku bila kuambiwa chakula kilikuwa kitamu.

Nilimwambia swali hilo liko nje ya somo.

Jioni aliniletea maparachichi, na salamu kutoka kwa mamake. Maparachichi! Nilitaka mke. Hata hivyo, yalikuwa yameiva vizuri. Nimekula yote.

Jirani yangu Bosire, mzee mwenzangu kanisani, alipita akauliza kama useja unanifaa. Yeye mkewe humletea chai barazani, naye huinywa polepole akitazama kwangu.

Jumatano, 6 Agosti

Konfusio nimemweka kando. Anawasaidia watoto.

Mchina mwingine, Lao Tze, ndiye kiboko. Anafundisha kutotenda. Usishindane. Usisukume. Maji ni laini, lakini huteremka yenyewe na kushinda mwamba. Nikatazama mteremko wetu. Nyumba ya Mose iko juu. Yangu iko chini! Bathsheba atateremka tu.

Basi leo sikutenda. Sikufagia. Sikuchuma chai. Niliketi kwenye kiti uani, mahali ninapoonekana vizuri, nikatotenda kutwa nzima. Ndama alikata kamba akanyonya maziwa yote. Kuku wa Bosire waliingia jikoni wakamaliza unga wa wimbi. Sikutikisika. Nilikuwa maji.

Saa kumi na moja Bathsheba akajitokeza kati ya migomba! Akaniita. Akasema alikuwa na wasiwasi kwamba kazi inanielemea, lakini sasa, akiniona nimepumzika hivyo, moyo wake umetulia. Atakaa huko hadi mtoto aote meno.

Nimemfunga ndama.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimehamia Uhindi. Buda anasema mateso hutokana na tamaa. Nikaamua kuacha kutamani. Nikaanza na ugali wa wimbi. Kisha mboga ya mgagani iliyolala ndani ya maziwa, jinsi Bathsheba anavyoipika. Kisha ndizi za kuchemsha. Kadiri nilivyotaja vya kuacha, ndivyo mate yalivyonijaa.

Lakini ukurasa uliofuata! Watawa wa Buda hutoka alfajiri na bakuli. Husimama kimya mlangoni pa watu. Hawaombi. Hawaingii. Husimama tu, na wenye nyumba huwapa chakula.

Hawaingii! Chinsoni inakataza kuingia. Juu ya kusimama haijasema neno. Bathsheba ataona bakuli tupu la mumewe, moyo utamvunjika, atafunga virago vyake. Nimeliosha lile bakuli la bati lenye maua.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilijitanda shuka, maana baridi ya hapa si ya Uhindi. Nikasimama mlangoni pa jiko la Mose. Kimya. Utulivu mkubwa.

Phanice akafungua mlango, akamwona baba mkwe wake amevaa shuka na kushika bakuli. Akaangusha sufuria, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma.

Bathsheba akaja. Akauliza kama ninaumwa. Mtawa hajibu. Akauliza kama nina njaa. Mtawa hajibu, ila tumbo lilijibu. Akanitilia ugali wa wimbi na mgagani, akafunga mlango. Moyo haukumvunjika hata kidogo.

Nilikula nikiwa nimeketi migombani. Sijala hivyo tangu Mei. Nilipoinua macho, Bosire alikuwa kwenye ua wake, chai mkononi.

Jumamosi, 9 Agosti, Sabato

Bosire aliomba kanisani. Hakutaja jina. Alimwombea tu ndugu mmoja msomi, ambaye elimu imemzidi hata anazurura na bakuli alfajiri. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mchana akina mama wa kanisa wakaja, wakiongozwa na Damaris. Maharagwe, ndizi, viazi, vyote vimepikwa jana kwa ajili ya Sabato. Wakaniombea huku nikitafuna. Sina malalamiko.

Jioni akaja Bathsheba mwenyewe. Akaketi barazani, kwenye kiti chake.

"Baba Mose," akasema, "aibu yote hii ni ya nini?"

Nikamweleza Konfusio. Nikamweleza Lao Tze na maji, na Buda na bakuli. Alisikiliza hadi mwisho. Akaonja maharagwe ya Damaris, akasema chumvi imepungua.

"Kule Phanice huniuliza," akasema. "Mama, chumvi inatosha? Mama, mtoto ana joto? Wewe umetembea Uchina na Uhindi, na mimi tangu Mei niko hapo juu tu. Hujaniuliza. Niulize tu kama nitarudi."

Akangoja. Ng'ombe alilia zizini. Nilikuwa na neno mdomoni, kabisa, hadi kwenye meno.

Nikamwambia nitalitafakari suala lake.

Bathsheba akacheka. Kicheko kile kile cha jioni, lakini safari hii kwenye baraza yangu. Akachukua chungu cha Damaris akatie chumvi. "Usikawie, Mwalimu," akasema akiondoka. "Mtoto ameanza kutokwa na mate. Meno hayako mbali."

Jumapili, 10 Agosti

Niulize tu! Nimelifikiria jambo hili tangu asubuhi. Haliwezi kuwa rahisi hivyo. Maneno mepesi namna hiyo yana kina kuliko Lao Tze. Nilimweleza Bosire, naye akasema, si umuulize? Hapo nikajua kwa hakika kwamba ni kosa.

Kwa bahati kitabu hakijaisha. Kuna sura ya Uhindi kuhusu kutodhuru: mtu hakasiriki, hapigi kelele, anafunga chakula tu, hadi upande wa pili unakubali wenyewe. Safi sana! Tatizo ni zile ndizi za kanisa. Haifai kutupa sadaka. Na chungu cha maharagwe kimerudishwa mchana, kimetiwa chumvi barabara.

Basi kuna njia mbili: kufunga, au kuuliza. Nikishaamua, shajara, utakuwa wa kwanza kujua. Kwa sasa anacheka tena huko juu. Nimesogeza kiti karibu na migomba nipate kusikia vizuri.