Ukurasa wa Delfin

Jumatatu, 8 Julai

Delfin Bacani amekufa. Moyo. Ameanguka mezani akila uji wa wali, kijiko mkononi, umbea ukiwa haujaisha. Tangu ujana tumeandika pamoja habari za wasanii wa Manila. Tumegombania kila talaka na kila mimba, kisha tukanywa kahawa meza moja. Nimelia chooni ofisini mpaka fundi bomba akagonga kuuliza kama nimekwama.

Nilipotoka, Bi Herminia, mhariri wetu, alikuwa ameshatangaza. Ukurasa wa Jumapili wa Delfin uko wazi. Atakayeleta mahojiano na Perlita Alegre kabla ya mazishi ndiye atakayeurithi. Perlita! Nyota aliyeacha filamu ghafla, akafunga mlango, na tangu hapo hajamwona mwandishi yeyote. Isipokuwa Delfin. Alikula kwake kila Krismasi na hakuandika hata mstari mmoja. Sikuwahi kumwelewa.

Kufa kufaana. Nilijichukia kwa kuwaza hivyo. Kisha nikaendelea kuwaza.

Jumanne, 9 Julai

Nimeenda matangani. Jeneza lina kioo. Wamempaka poda nyingi mno. Angejiona, angejiandikia aya nzima ya kejeli. Kahawa, biskuti, wazee wanacheza karata. Maricor Tiangco, mwenzetu wa dawati la burudani, keshafika. Amekaa mstari wa mbele, anabangua mbegu za tikiti, hasemi kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nikamuuliza ana mpango gani na Perlita.

"Mpango gani tena, Nes? Rafiki yetu kafa. Hebu kaa."

Mjanja huyo!

Luming, mjane, akanijia. Marehemu haachwi peke yake, na mchana watu huwa hawapo. Je, ningekaa naye zamu ya Alhamisi alasiri? Akanishika mkono. "Alikupenda, kaka Nes. Alikuwa anakuita mpumbavu wake." Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba nitakaa.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata wazo. Zuri ajabu! Anayetoka matangani haendi kwake moja kwa moja. Lazima apitie mahali kwanza amkung'ute marehemu, asije akamfuata nyumbani. Wenzangu hupitia mgahawani. Mimi nitapitia kwa Perlita! Anakaa mtaa wa pili tu. Atajua nimetoka kwa Delfin, atalia, atafungua, na mimi nitakuwa ndani.

Baadaye. Alifungua. Hilo lazima liandikwe. Bining, mtumishi wake, aliona shati jeupe la msiba na macho mekundu, akanikaribisha. Perlita akashuka ngazi. Bado mzuri, jamani! Na kifuani amebeba kitoto kichanga. Mjukuu! Mji mzima haujui! Akauliza ninatoka wapi. Kwa Delfin, nikasema. Akauliza nimepitia wapi njiani. Nikajibu kwa fahari kwamba sikupitia popote, nimekuja kumkung'utia hapa hapa.

Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. "Umemletea mjukuu wangu maiti?" Bining akanimwagia chumvi, ya kumfukuza marehemu. Kisha siki. Mtoto akalia mpaka akawa mwekundu, na Perlita naye akawa analia, akiiambia hewa iliyo nyuma yangu: Delfin, nenda zako, tafadhali, huyu bado mchanga. Hakuwa anaigiza. Aliogopa kweli, na mimi nikaogopa pamoja naye. Nilirudi kinyumenyume mpaka getini. Chumvi ingali masikioni.

Alhamisi, 11 Julai

Sikupata usingizi. Mtoto yule akipata homa, ni mimi. Lazima nirekebishe. Halafu kuna ukurasa.

Mpango: maji ya baraka kutoka kwa padri na shada la maua ya sampagita. Nimsubiri Perlita getini, nimwombe radhi, ninyunyize, tuongee. Kasoro ni moja tu: zamu yangu. Nikampigia Maricor na kumwambia tumbo limechafuka. Akanikumbusha: "Nes, huyu ni Delfin." Nikasema naharisha. Akasema haya, atanikalia.

Nimesimama kwenye lile geti alasiri nzima. Mvua ya Julai haina huruma. Mwavuli ukapinduka, maua yakanywea. Kila gari lilipokaribia nilijiweka sawa. Halikusimama hata moja. Nilibonyeza kengele mpaka kidole kikauma. Mwishowe Bining akatoa kichwa dirishani. Nikapaza sauti kwamba nimeleta baraka. Akasema mtoto hajambo, ananyonya kama ndama, niache kelele. Na mama hayupo, katoka tangu saa nane. Nikauliza kaenda wapi.

"Kwa Delfin! Kwani wapi tena? Kachagua saa ambayo nyie waandishi hampo."

Nikakaa chini, ndani ya maji.

Ijumaa, 12 Julai

Maricor amenisimulia mwenyewe, huku analia. Alikuwa peke yake na jeneza Perlita alipoingia, kajifunika mtandio. Maricor hakumuuliza kitu. Alimsogezea kiti na sahani ya mbegu. Perlita akazungumza mpaka jioni. Akasema kwa nini aliacha filamu: mumewe alikuwa anampiga, na uso haukuwa wa kuonyeshwa kamera. Delfin alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Habari ya kumtajirisha mtu! Akaifungia moyoni, akawa anampelekea chakula. Sasa Perlita anataka iandikwe, na Maricor aiandike. Kabla hajaondoka akauliza yule mpumbavu wa Delfin yuko wapi, maana alitaka kumsamehe.

Ile ilikuwa zamu yangu! Kiti changu! Nimeona wivu, kisha nikaona aibu, kisha tena wivu. Nilitaka kumsimulia mtu mmoja tu yote haya, chumvi, siki, mwavuli, acheke mpaka akohoe. Vidole vikabonyeza vyenyewe. Simu ya Delfin ikaita. Luming akapokea. Tulilia tu, kila mtu kwenye simu yake.

Jumamosi, 13 Julai

Tumemzika. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Bi Herminia akatamka pale pale makaburini kwamba ukurasa ni wa Maricor. Na huyo Maricor, badala ya kunicheka, akasema hautaki peke yake. Wiki hii yake, ijayo yangu, na tutapokezana hivyo. Ndivyo Delfin angependa.

Nikalia mbele ya watu wote. Nikaliambia kaburi: nisamehe, ndugu yangu, sikukaa nawe hata alasiri moja. Basi, hila nimeziacha. Rafiki kwanza, habari baadaye. Naandika hapa ili nisisahau.

Jumapili, 14 Julai

Ukurasa umetoka. Umeandikwa vizuri kuliko ambavyo ningeandika mimi. Inaniuma kukiri.

Siku tisa za kumwombea Delfin hazijaisha. Luming kaniomba niongoze sala ya leo alasiri. "Leo usiniangushe, kaka Nes." Nimeapa. Nimeshavaa, nimeshachana nywele, rozari iko mfukoni.

Simu imeingia sasa hivi, kutoka kwa mtu wa kanisani Antipolo, nje ya Manila. Perlita anambatizisha mjukuu leo alasiri, kimya kimya. Baada ya hofu ya Jumatano kaona asichelewe. Hakuna mwandishi anayejua! Na ukurasa ujao ni wangu. Isitoshe, mwanamke huyu alitamka mwenyewe kwamba anataka kunisamehe, sasa atanisamehe vipi asiponiona? Lazima mtu apewe nafasi.

Nimempigia Maricor na kumwambia tumbo limerudi. Kasema haya, kama mara ile. Atanikalia.

Delfin angenielewa.