Hitima ya Nahodha wa Kinango

Babu yake Chirau alisomewa hitima pale Diani, Ijumaa, baada ya sala. Mbuzi wa pilau nilimuuza mimi. Nilimnunua Kinango, Jumatano ya wiki hiyo hiyo, kwa marehemu mwenyewe!

Mimi ni mchuuzi wa mbuzi. Mteja akifiwa, nauza.

Chanzo ni serikali ya kaunti. Ilikuwa imetenga fedha za utalii, vijengwe vibanda kumi vya kisasa ufukweni, na atangulizwe mfanyabiashara mwenye kitu cha historia cha kuwaonyesha wageni. Chirau alikuwa akiuza vikoi chini ya turubai lililopasuka. Kibanda alikitaka kuliko pepo.

Karibu na turubai lake palilala boti kuukuu isiyo na mwenyewe. Makao ya paka. Chirau akanunua rangi, akaandika ubavuni: NAHODHA TEMBO.

"Ndiyo iliyompeleka babu baharini, asirudi," akaniambia.

"Boti ya plastiki, ya faiba, Chirau?"

"Babu alikuwa mtu wa maendeleo!"

"Yeye akazama, boti ikarudi?"

"Ilijua njia."

Babu mwenyewe, Mzee Tembo wa Kinango, maji makubwa aliyowahi kuyaona ni bwawa la ng'ombe, na hata hilo alilipita kwa mbali.

Historia ikataka mashahidi; hitima ikasomwa. Watu arobaini wakala, wakamlilia nahodha, wakaomba ukoko.

Jumamosi tukaitwa barazani Ukunda. Afisa wa utalii, Bi Rispah, akauliza boti ile ni ya nani.

"Yangu! Urithi wa babu!" Chirau akaruka.

"Una mashahidi?"

Arobaini wakasimama kama gwaride la Madaraka. Bibi Mwanaima, muuza mahamri wa ufukweni, aliyekula sahani mbili na kufunga ya tatu, alitokwa na machozi: "Nilimpungia leso akiondoka!"

Chirau akatia sahihi fomu ya umiliki kwa madaha, kalamu juu, kama rais anayetia saini katiba. Bi Rispah akafunua ukurasa.

"Uamuzi wa pili, baada ya ule wa vibanda. Boti zote zilizotelekezwa ziondolewe na wenyewe kabla ya Jumatatu saa tatu asubuhi. Asiyeondoa anapoteza kibali cha kuuza ufukweni. Vibanda vinajengwa hapo hapo. Bwana Chirau, tumekutafuta miaka mitatu. Ahsante kwa kujitokeza."

"Boti... si yangu hasa, mama."

"Mashahidi arobaini, bwana. Na jina ubavuni."

Chirau akawageukia arobaini wake. Wamsaidie kuivuta, basi!

"Mwanangu," akasema Bibi Mwanaima, akijifunga leso, "sisi tulikuja kushuhudia. Hatukuja na kamba."

Chumba alichopanga Ukunda hakiingii baiskeli. Shamba analolijua ni moja tu, la babu, Kinango. Na lori langu Jumapili hupanda huko tupu. Nikamtajia bei. Akalia. Nikamtajia ile ile.

Tulipofika, Mzee Tembo akatoka zizini, akaizunguka boti mara mbili.

"Shikamoo, babu," Chirau akaviambia vidole vyake vya miguu.

"Marahaba. Nasikia nilizama."

Hata mbuzi waliacha kutafuna.

"Na mlinichinjia yupi?"

"Yule beberu mweusi," nikasema mimi.

Mzee akanitazama. "Ningalijua ni wa hitima yangu, nisingalikupunguzia."

Kisha akagonga ubavu wa boti kwa fimbo. "Ishusheni. Mbuzi wangu hawana pa kunywea. Na wewe, mjukuu wa nahodha, ndoo ile pale. Hutoki hapa mpaka boti ijae."

Jumatatu saa tatu ufuko ulikuwa mweupe, na vibanda vitakavyojengwa viligawiwa kwa waliofika wenyewe. Cha kwanza alipata Bibi Mwanaima, kwa historia yake ya kumpungia leso nahodha.

Chirau hakufika. Alikuwa Kinango, ndoo ya themanini na kitu, akiijaza boti. Tundu lililo chini yake nililiona tangu nilipokuwa nikiipakia. Lakini mimi nililipwa kubeba tu.