Injini ya Kumpeleka Tuva Kanisani

Jumamosi, 15 Juni

Wiki moja tu kabla ya harusi ya binti yangu Tuva. Evert Backlund, baba yake bwana harusi, alikuja kunywa kahawa na kuzungumzia maua. Maua hakuyagusa. Alikwenda moja kwa moja gereji, akafungua boneti ya gari langu, akatega sikio.

“Sixten,” akasema, “inapumua kama paka aliyelala.”

Alisema hivyo mbele ya mke wangu, Gunnel. Na kahawa yangu mkononi mwake.

Kisha akapendekeza, kwa sauti ya huruma, kwamba bibi harusi apande gari lake. Lake ni Mmarekani mwekundu asiye na paa, mrefu kama gati, na supachaja imechomoza juu ya boneti ili mbuzi wote wa kijiji chetu cha Rättvik waione. Yangu imejificha ndani kwa adabu. Niliifunga mwenyewe majira ya baridi. Ni pampu tu, inazungushwa na mkanda wa injini na kuishindilia injini hewa.

Tuva alipoulizwa anataka gari lipi, alijibu kwamba anataka litakalofika. Nimelitafakari sana jibu hilo. Maana yake ni lenye nguvu zaidi.

Nimeamua. Nitaweka puli ndogo, yaani gurudumu la mkanda, kwenye supachaja. Puli ikiwa ndogo, pampu inazunguka haraka, hewa inakuwa nyingi, nguvu inapanda. Gunnel aliuliza kama hakuna kingine cha kubadili. Nikamwambia hakuna, ndiyo uzuri wake.

Jumapili, 16 Juni

Puli iko tayari. Nimeichonga mwenyewe, inang'aa kama kikombe cha kanisani.

Nikatoka na gari barabara ya ziwani. Dakika za mwanzo ni za kukumbukwa. Gari liliruka kama limechomwa sindano. Nilicheka peke yangu. Kisha mkanda ukaanza kuteleza juu ya puli na kulia kwa sauti ambayo iliwatoa watu makanisani na ng'ombe kwenye kivuli. Nikasimama, nikaukaza. Ukaacha kulia. Ukakatika, ukajizungusha kwenye feni.

Nikawa nimekaa juu ya jiwe Evert alipopita na mkewe. Akapunguza mwendo.

“Unatafuta uyoga, mkwe?”

Nikamwambia uyoga bado, hadi Agosti. Akasema ndiyo maana ameshangaa. Akajitolea kunivuta. Nikamjibu kwamba nimesimama kusikiliza ndege.

Ndege hawakuwapo. Mkanda ulishawafukuza.

Jumanne, 18 Juni

Mkanda mpana, na kikaza chake. Hautelezi tena hata kidogo. Ushindi.

Ila sasa injini inagonga. Nikikanyaga petroli kupanda mlima, kunasikika kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Nimegundua jambo ambalo nadhani halijatiliwa maanani: hewa ikishindiliwa inapata moto, na hewa ya moto inaiwasha petroli kabla ya wakati wake. Nilimweleza Gunnel ugunduzi huu wakati wa chakula. Akasema hata pampu ya baiskeli inapata moto ukijaza upepo, na kwamba alijua hivyo tangu yuko shule ya msingi.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema Jumamosi.

“Niliuliza kama hakuna kingine,” akasema. Akaendelea kukata matango.

Jumatano, 19 Juni

Kipoza hewa cha dukani kitafika kwa posta baada ya harusi. Hakinisaidii. Nimetengeneza changu: sanduku la bati linalozunguka bomba la hewa, unalijaza barafu, hewa inapita ikiwa baridi. Rahisi.

Nyumbani hapakuwa na barafu. Friza ilikuwa na bluberi, matunda madogo ya msituni, mifuko kwa mifuko, na nyama ya kusaga kutoka windo la shemeji. Baridi ni baridi. Nikapanga bluberi chini na nyama juu.

Nisiandike kwa majivuno, lakini mlima wa Lerdal ulipotea chini ya magurudumu. Hakuna kugonga. Injini iliimba. Pale juu nikamwona Evert nyuma ya mti wa mbetula, anajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa buti za mpira.

Wakati wa kurudi bluberi ziliyeyuka. Maji yake ya zambarau yalitiririka juu ya injini ya moto, na nikaingia uani nikitoa moshi unaonukia jamu. Gunnel alisimama mlangoni. Alinifahamisha, polepole sana, kwamba zile bluberi zilikuwa za keki ya harusi. Alikuwa amezichuma mwenyewe mwaka jana, mgongo ukimuuma. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Keki sasa itakuwa ya stroberi. Nyama tumeila yote leo. Watu wawili.

Alhamisi, 20 Juni

Tuva alikuja kuchukua gauni. Akanikuta nimekaa kwenye ngazi ya gereji, akakaa pembeni yangu bila kujali grisi.

Akaniambia mama amemsimulia. Nikaomba radhi kwa bluberi. Akasema bluberi si kitu. Akasema alipokuwa mdogo nilikuwa nikimpeleka mazoezi ya kuteleza kwenye theluji kwa gari bovu lisilo na hita, na yeye alijiona binti wa mfalme.

“Sitaki mbio, baba. Nataka wewe ndiye unifikishe. Basi.”

Nikamwahidi kurudisha puli ya zamani leo hii hii. Na nilikusudia. Alipoondoka nikaitoa kabatini, nikaipangusa, nikachukua spana.

Ndipo likapita gari barabarani. Nikaijua sauti, na haikuwa ile ya Jumapili. Ilikuwa kali zaidi, nyembamba zaidi. Evert amebadili puli.

Nimeirudisha ya zamani kabatini. Badala yake nimeweka nozeli kubwa za petroli, ili injini ipate petroli ya kutosha na isigonge. Kwa hiyo ni jambo la usalama. Tuva angeafiki.

Ijumaa, 21 Juni

Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mvua, kama ilivyo ada. Samaki wa siki, viazi vichanga, na kijiglasi cha pombe kali kwa kila wimbo. Nyimbo zilikuwa nyingi.

Wake zetu walitusukuma kwenye duara la kuzunguka mlingoti wa maua, mimi na Evert tumeshikana mikono, tunarukaruka kama vyura pamoja na watoto wa kijiji. Katikati ya kuruka akaninong'oneza anataka kujua napozaje hewa.

“Kwa matunda,” nikamwambia.

Akaniambia nisimfanye mjinga. Yeye anatumia barafu ya wavuvi. Nikamwambia barafu ni kwa wasioweza kufikiri. Akasema basi tuone. Tulipomaliza wimbo wa vyura tulikuwa tumekubaliana: kesho asubuhi tunaanzia chini ya mlima wa Lerdal, na atakayefika kwanza uani kwangu ndiye atakayempeleka bibi harusi.

Wake zetu walituona tunapeana mikono. Gunnel akasema inapendeza kuona tunaelewana.

Jumamosi, 22 Juni

Siku ya harusi. Manyunyu. Tulikuwa chini ya mlima tumevaa suti, kila mmoja na ua kifuani.

Niliongoza. Naliandika hili kwa sababu Evert atalikana. Nilimwacha mwanzoni kabisa na nikafika nusu ya mlima kabla ya kusikia sauti kama trei ya vijiko imedondoka ndani ya injini. Halafu moshi mweupe, mwingi, mzito. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imepasuka. Gari likazima.

Evert akanipita akicheka, kichwa kimegeuka nyuma ili nimwone vizuri. Ndiyo maana hakuona mshale wa joto umefika mwisho. Mkanda wake ukaruka hewani kama nyoka, maji yakachemka, na Mmarekani akasimama hatua chache mbele yangu.

Nikashuka, nikamwendea. Alikuwa amelowa, kwa kuwa hana paa.

“Mkwe,” akasema, “tutawaambia nini?”

Nilifikiria lile neno la Tuva kwenye ngazi, na nikajisikia mdogo kuliko puli.

Aliyetuokoa ni mama mkwe wangu, Hillevi. Alikuwa barazani kwake bondeni, akasikia injini mbili zikinguruma, kisha akasikia kimya. Akawasha trekta yake ya kijivu. Alifika amevaa nguo ya kitamaduni ya harusi, shali begani, na mnyororo umelala chini ya miguu yake. Mnyororo mmoja. Evert na mimi tukaanza kubishana ni gari lipi livutwe.

“Lipi lina paa?” akauliza.

Tukavutwa hadi uani, mimi kwenye usukani, Evert kiti cha nyuma. Tuva akatoka na gauni lake jeupe. Akatazama trekta. Akatazama moshi. Akatutazama sisi. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akacheka hadi akajishikilia mlangoni, na Gunnel, ambaye alikuwa hajacheka tangu Jumatano, akacheka naye.

Akapanda mbele, pembeni yangu. Evert alishika maua. Tulipita kando ya ziwa mwendo wa trekta, watu wakisimama njiani na kupunga mikono, na mvua ikaacha. Sijawahi kuendesha vizuri namna ile. Mlangoni mwa kanisa, Tuva alinishika mkono, glavu yake nyeupe ikapata alama ya grisi.

“Umenifikisha, baba,” akasema.

Nililia kuanzia hapo hadi kwenye keki. Stroberi zilikuwa nzuri.

Jumatatu, 24 Juni

Gunnel alisema wakati wa kifungua kinywa kwamba anaamini sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mengi.

Evert alikuja na soseji. Tumefungua injini zote mbili na kuzikagua kwa makini siku nzima, bila kugombana. Tumeafikiana juu ya chanzo. Puli zilikuwa kubwa mno. Hewa ilikuwa inakaa ndani ya pampu muda mrefu, ikapata nafasi ya kuchemka. Puli ikiwa ndogo zaidi, hewa itapita kabla haijatambua kinachoendelea.

Evert anachora, mimi nachonga. Safari hii tunaweka supachaja zote mbili kwenye gari moja. Tuva hajasema lolote kuhusu mtoto, lakini ubatizo huja ghafla, na siwezi kumpeleka mjukuu kanisani kwa injini dhaifu.