Nilivyoinyamazisha Injini ya Pistoni Nne

Jumatatu, 3 Machi

Mama mwenye ghala la saruji, kule juu kilimani, anatafuta lori moja la kumbebea mzigo mwaka mzima. Kazi ya uhakika. Nikiipata, lori langu linabaki langu. Nikiikosa, mke wangu kasema tunaliuza, na mimi narudi kusukuma mkokoteni wa kaka yake. Kasema kwa upole. Upole huo ndio ulionitisha.

Tunaoitaka ni wawili. Mimi, na jirani tunayemwita Sita, kwa sababu injini yake ina pistoni sita na hakuna siku amesahau kutaja. Yangu ina nne. Zinatosha. Pistoni nne ni familia ndogo, kila mtu anaonekana akifanya kazi. Kwenye sita, lazima wawili wamelala.

Dosari ni moja tu: yangu inagonga. Tiki-tiki-tiki huko juu, kama cherehani. Mama mwenye ghala kaisikia leo. Kasema mama yake mgonjwa analala ukuta wa pili. Jumamosi atatupima: lori lipande kilima na mzigo kamili, na bibi asiamke.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kasema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamuuliza kama anasema lori. Akaendelea kukunja nguo.

Nimemimina oili nzito mpaka ikapita alama. Kelele iko palepale, sasa ina moshi. Majirani wameanua nguo zao na kuniangalia vibaya. Watu wa mtaa huu hawapendi maendeleo.

Jumatano, 5 Machi

Nimefungua kifuniko cha juu cha injini. Siri nimeiona! Kuna valvu nane. Kila moja inakandamizwa na kidole cha chuma, na kati ya kidole na valvu kuna upenyo, karatasi inapita. Kidole kikishuka kinapiga pale: tiki. Yaani kiwanda kizima cha wasomi kilishindwa kukaza skrubu nane.

Sita akapita, mikono mfukoni, akachungulia bila kualikwa. Akaniambia ule upenyo umewekwa makusudi. Eti chuma kikipata moto hurefuka, na valvu isipoachiwa nafasi haifungi sawasawa, nguvu yote inavujia hapo. Akasema kugonga kidogo si ugonjwa, nipime tu na kibati chembamba, cha kwake ataniazima.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anagombea kazi na mimi, halafu anipe ushauri wa bure? Nimemshukuru sana. Alipokata kona nikakaza zote nane mpaka upenyo ukaisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Mke wangu alitoka nje kuniuliza mbona siwashi. Nikamwambia imewaka zamani.

Nimezunguka mtaa mara moja, lori tupu, nikazima kabla injini haijapata moto. Dizeli haiokotwi. Sita alisimama mlangoni kwake akisikiliza. Akauliza kama nilipima. Nikamjibu kwamba fundi wa kweli hupima kwa sikio. Akaguna tu. Wivu mbaya jamani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeosha lori. Nimechagua shati la kusaini mkataba.

Jumamosi, 8 Machi

Tambarare nilienda kama bwana harusi. Kilimani injini ikapata moto, na nguvu ikaanza kuniaga. Nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Lori likapiga chafya, likakohoa, likazidi kupunguza mwendo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinipita kwa miguu. Alinisalimu, ana adabu. Halafu injini ikazima katikati ya barabara. Hapo sharti la kelele nililitimiza kikamilifu.

Sita alikuwa ameshafika juu na kushusha. Akarudi na kamba, akanivuta mpaka ghalani mbele ya wapakiaji wote. Bibi mgonjwa aliamka, lakini si kwa injini. Aliamshwa na vicheko.

Kazi kapewa Sita. Mama mwenye ghala kasema lori langu kweli halina kelele, hilo halikatai. Nimeumia. Nilienda nyuma ya lori nikalia kidogo, nikasema ni vumbi la saruji.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi kafungua injini. Valvu mbili zimeungua ukingoni. Kaniuliza nani alikaza namna ile. Nikamwambia mafundi wa siku hizi hawaaminiki, akakubali.

Lori linauzwa. Mke wangu hata hakugomba. Nikajua mkokoteni unanisubiri.

Jioni Sita kaja. Kasema mgongo unamsumbua, anatafuta dereva wa kumwendeshea lori lake kwenye kazi ya ghala, na akipata jirani ni bora kuliko mgeni. Mke wangu kamshukuru mpaka nikaona aibu. Alipoondoka nikamkumbusha mke wangu kwamba nilisema kazi ya ghala nitaipata.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya kwanza. Lazima niseme ukweli: pistoni sita zinavuta. Kilima nimekipanda nikipiga mluzi. Sita ni mtu mwema, na mimi si mtu wa kusahau fadhila.

Ndiyo maana nilipoegesha nikaweka sikio kwenye kifuniko cha injini yake. Tiki. Tiki. Kwa mbali sana, lakini ipo. Maskini, amezoea hata haisikii.

Yeye yuko hospitali na mgongo wake mpaka jioni. Nati za kifuniko nimeshazifungua. Humu valvu ni kumi na mbili, nimebakiza tatu kukaza.